Siku Saba za Kumfuata Dundu wa Mavi: Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Amani

Siku ya 1. Bagamoyo mjini

Safari hii huanza siku tatu au nne baada ya mvua nzuri ya kwanza ya vuli. Kabla ya hapo ardhi ya pwani ni ngumu kama sakafu, na dundu wengi wako chini, ndani ya matonge ya mavi waliyokulia, wanangoja udongo ulainike. Anayekuja Septemba huondoka na nzi na vumbi.

Anayefuatwa ni mmoja hasa, Digitonthophagus gazella, dundu wa Afrika. Alipelekwa Hawaii mwaka 1957, Australia 1968, Texas 1972 na Brazil 1989, na nia ilikuwa ileile kote: azike mavi ya ng'ombe ili nzi wapungue. Mavi akazika kweli. Ila hakukaa alipowekwa. Kutoka Texas alishuka Mexico na Amerika ya Kati bila kusindikizwa na mtu, na leo kusini mwa bara lile yuko katika nchi ambazo hazikuwahi kumwagiza. Huko wapo wanaomhesabu kuwa mvamizi. Huku kwetu ni dundu tu, hana hata jina lake peke yake. Safari ni ya kuangalia kwa nini.

Mtu wa Bagamoyo haelezwi habari hii mara mbili. Kunguru wanaopora dagaa pale soko la samaki ni wa kutoka India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nenda kawaulize wenye vifaranga kama wamepona.

Vifaa vya kutegea dundu vinunuliwe leo, mbele hakuna duka la maana. Makopo 20 ya plastiki ya lita 1. Mwiko wa fundi uashi na sururu ndogo. Waya wa kufungia nondo, mita 20. Sahani nyepesi za plastiki 20 za kuzuia mvua. Sabuni ya maji ya vyombo, chumvi kilo 2, spiriti ya asilimia 70, chupa ndogo zenye vifuniko vinavyokaza, karatasi ngumu na penseli. Kalamu ya wino iachwe nyumbani: wino huyeyuka kwenye spiriti na baada ya wiki una chupa 40 za wadudu wasiojulikana walikotoka.

Cha kufungia chambo ni shashi au kipande cha kanga chakavu. Kosa la wengi ni kukata chandarua. Vyandarua vya siku hizi vina dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi. Ukifunga mavi humo, dundu anayetua anakufa au anageuza, na wewe unaandika kwamba eneo halina dundu.

Chambo ni mavi ya ng'ombe, gramu 200 kwa kila mtego, kwa hiyo kilo 4 kwa mitego 20. Yawe ya asubuhi hiyohiyo, yamechotwa kabla nzi na dundu hawajafika. Yakigandishwa usiku mmoja ni bora zaidi, kwa sababu waliokuwemo hufa na hesabu haichanganyiki, lakini muuza samaki mwenye friza atataka yafungwe mifuko mitatu, na ana haki.

Siku ya 2. Makurunge

Malisho ya Makurunge, upande wa iliyokuwa ranchi ya RAZABA, yanafaa kwa sababu ng'ombe wa asili wanalala mazizini na kuchungwa mchana kwenye nyasi wazi zenye miti michache. Kwanza ni kubisha hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa wenye mifugo. Swali la lazima baada ya salamu: "Mzee, ng'ombe hawa walichomwa dawa ya minyoo lini?" Ivermektini, mojawapo ya dawa hizo, hutoka na mavi kwa wiki kadhaa baada ya sindano. Dundu wakubwa huyafuata mavi hayo bila kujua, hula, hutaga, kisha mabuu hufia ndani ya matonge. Ukitega tu hutaliona tatizo, maana wanaokuja wapo. Utaliona ukichimba.

Mitego huwekwa kwa msitari, mita 50 kutoka mmoja hadi mwingine. Chini ya hapo mitego hunyang'anyana: harufu ya huu inavuta wa jirani. Chimba shimo, shindilia kopo mpaka ukingo uwe sawasawa na ardhi, kisha jaza udongo pembeni na ulainishe kwa kiganja. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Ukingo ukichomoza hata nusu sentimita, dundu anayetembea anaufikia, anaupapasa kwa miguu ya mbele, anauzunguka na kwenda zake.

Ndani tia maji mililita 250, matone machache ya sabuni na konzi ya chumvi. Bila sabuni dundu huelea, hushika ukuta, hukauka mbawa na kuruka. Chumvi huchelewesha kuoza. Funga chambo kama kitumbua ndani ya shashi, kining'inize kwenye waya sentimita 5 juu ya mdomo wa kopo, na juu yake weka sahani kwenye vijiti vitatu, sentimita 20 kutoka ardhini. Ukiishusha zaidi inafunika harufu.

Mtego ukitegwa saa 12 jioni, huteguliwa saa 12 asubuhi, huwekwa chambo kipya na kuteguliwa tena jioni. Usizichanganye chupa za usiku na za mchana. Gazella ni wa magharibi na usiku. Wa mchana ni watu wengine kabisa.

Jua likishazama, kaa karibu na rundo moja bichi uone bila mtego. Wa kwanza husikika kabla ya kuonekana, mvumo mfupi, kisha kitu kinadondoka kwenye nyasi kama punje ya mahindi iliyotupwa. Anakunja mbawa, anatulia, anafungua vipapasio vyenye ncha kama kurasa tatu ndogo, anageuka upande unakotoka upepo na kutembea moja kwa moja. Haviringishi chochote. Anazama ndani ya mavi, anatoboa hadi chini, na baada ya nusu saa unaona kando ya rundo udongo mwekundu mbichi umetolewa. Huyo amekwisha fika kazini.

Siku ya 3. Makurunge bado

Asubuhi mitego iwahiwe kabla ya jua kali, kwa sababu mbili. Kwanza siafu: wakiigundua sahani yako wanashuka kwenye waya, na kopo hubaki na maganda. Pili nguchiro. Yeye hufukua kopo zima, anakunywa supu ile pamoja na wadudu, na kuacha chambo. Dawa ya nguchiro ni kipande cha wavu wa kuku juu ya kopo kilichobanwa kwa mawe, wenye matundu makubwa ya kutosha dundu mnene kupita. Mbuzi hawana dawa.

Mwaga kopo kwenye chujio la chai, suuza, kisha panga kwenye sinia jeupe. Kazi ya leo iko hapa, kwenye sinia, na ichukue muda wake.

Gazella ana urefu wa kama sentimita 1. Mbawa ngumu ni za rangi ya mchanga, kichwa na ngao ya mgongoni ni kahawia iliyoiva yenye mng'ao wa kijani au shaba, na dume ana vipembe viwili vilivyopinda kama vya swala. Jina lake limetoka hapo. Usiandike jina kamili shambani. Mwaka 2017 jenasi hii ilipangwa upya na aliyedhaniwa mmoja akagawanywa kuwa spishi kadhaa zinazofanana sana. Andika Digitonthophagus, tia spiriti, mwachie mwenye hadubini.

Sasa tazama wengine walioko kwenye sinia hilohilo. Kuna weusi wanene wa jamii ya Catharsius na Copris, ambao wawili tu wanatosha kushusha robo ya rundo chini kwa usiku mmoja. Kuna wadogo kama mbegu za mpapai wanaoingia kwenye mashimo ya wenzao na kutaga ndani ya matonge ya watu, wezi wa kawaida. Kwenye chupa za mchana wamo Sisyphus wenye miguu mirefu kama ya buibui, wanaoviringisha vidonge vidogo, na Euoniticellus wa rangi ya majani makavu. Huyu wa mwisho naye ni msafiri: E. intermedius alipelekwa Australia na Marekani, na Mexico yupo tele.

Hapa pia wapo wanaomla gazella: kanga, kunguru, bundi, nguchiro huyohuyo wa asubuhi. Na ukimgeuza dundu chali utaona tumboni, katikati ya miguu, utitiri wa rangi ya chai wameng'ang'ania. Hao ni abiria. Wanashuka kwenye mavi mapya, na jamii ya Macrocheles hula mayai na mabuu ya nzi.

Kwa hiyo gazella wa Makurunge ni mmoja katika foleni. Anapata sehemu yake ya rundo, anazika haraka kabla hajaporwa, na hasara ya matonge ni jambo la kila usiku. Kuzaa kwake haraka ndiko kunakomlinda hapa. Kule alikopelekwa, hasara hiyo iliondolewa lakini kasi ikabaki.

Mchana chimba. Mwombe mchungaji akuonyeshe rundo la siku saba au nane, lililobaki ganda jepesi juu na vifusi pembeni. Usichimbe kutoka juu. Utapondaponda kila kitu. Chimba mtaro sentimita 20 kando ya rundo, kina cha sentimita 40, kisha kata ukuta taratibu kwa mwiko kuelekea rundo, kama unavyokata mkate. Shimo hutokea likiwa bomba lililojaa mavi yaliyoshindiliwa, na kwenye matawi yake, mpaka kina cha sentimita 30 hivi, yamo matonge ya mviringo ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kila tonge lina yai moja, kwenye chumba kidogo chenye kuta laini upande wa juu. Ukipasua tonge lililokomaa unakuta buu mweupe mwenye kibyongo, amekunjwa kama herufi C, anakula chumba chake kutoka ndani. Kwenye joto na unyevu wa kutosha, yai huwa dundu kamili kwa mwezi mmoja hivi. Ukikuta buu mweusi aliyelainika, au yai lililosinyaa katika kila tonge la rundo zima, rudi kamuulize mzee tena kuhusu ile sindano.

Yai hilo ndilo lililosafirishwa. Mradi wa Australia, uliobuniwa na mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa Hungaria George Bornemissza na kuendeshwa na shirika la utafiti la serikali, CSIRO, kuanzia mwaka 1965 hadi 1985, ulikuwa na kituo Pretoria. Hofu kubwa ilikuwa magonjwa ya mifugo, hasa midomo na miguu. Kwa hiyo mayai yalitolewa ndani ya matonge, yakaoshwa kwa formalini, yakapelekwa Canberra na kupandikizwa moja moja ndani ya matonge yaliyofinyangwa kwa mkono. Dundu wenyewe waliotoka Afrika hawakuachiwa porini. Spishi 43 ziliachiwa, 23 zikashika.

Uangalifu huo uliacha nyuma pia wale abiria wa tumboni. Dundu alifika msafi, bila utitiri wake, na baadaye Australia ikalazimika kuagiza utitiri wa Macrocheles kutoka Afrika Kusini wasaidie kuwala nzi. Ukiwa na sinia mbele yako habari hiyo haikushangazi.

Iseme haki pia: Australia haimlaumu gazella. Dundu wa kule walizoea vinyesi vikavu vya kangaruu, vidogo kama kokoto, na hawakujua la kufanya na rundo bichi la ng'ombe lililofika na walowezi. Nafasi ilikuwa wazi. Adui aliyempata kule ni mgeni mwenzake, yule chura wa miwa aliyeletwa Queensland mwaka 1935 ale wadudu wa miwa. Anakaa kando ya rundo usiku na kuwachukua dundu wanapotua.

Brazil ni kesi nyingine. Pale walikuwepo dundu wa mbuga wanaojua kinyesi kibichi. Gazella alipoachiwa Mato Grosso do Sul kupambana na nzi wa pembe, wafyonza damu ya ng'ombe, alikuta wenyeji, na alikuwa amewaacha nyumbani washindani wake karibu wote. Watafiti wa huko wanabishana mpaka leo kuhusu ukubwa wa madhara: wapo waliokuta wenyeji wamepungua kwenye malisho, wapo wanaosema waliopungua walipungua kwa kukatwa miti na kwa dawa za minyoo. Wanakokutana ni hapa: msitu uliofunga haingii kwa urahisi. Neno hilo litapimwa siku ya 6.

Siku ya 4. Saadani na Mkwaja

Leo hakuna mitego. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndani yake hutegi hata kopo moja bila kibali cha utafiti. Pita, tazama, endelea. Vaa kaki, mbung'o hufuata bluu na nyeusi. Hao ndio walioisumbua ranchi kubwa ya Mkwaja, upande wa kaskazini, mpaka ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake kuingia hifadhini.

Kinachotazamwa ni rundo la tembo. Kama liko pembeni mwa barabara na limebaki matandiko ya nyuzi tu, limefanyiwa kazi. Wenye shughuli hiyo ni pamoja na Heliocopris, dundu wa sentimita 5 na zaidi, wanaofinyanga matonge makubwa kuliko mpira wa tenisi. Hakuna aliyefanikiwa kumfanya huyu mvamizi popote, na sababu iko kwenye uzazi: matonge machache, mama anayabaki akiyalinda, kizazi kinachukua muda mrefu. Anayeenea ni yule mdogo, mwenye haraka, anayeridhika na mavi ya ng'ombe yanayopatikana kila bara. Sifa za mdudu mzuri wa kuagiza ndizo hizohizo za mvamizi. Orodha ni moja.

Siku ya 5. Bweni na Pangani

Kuvuka mto, kula, kutega mitego kumi chini ya minazi ambako ng'ombe wachache hufungwa kamba. Mchanga wa hapa ni taabu: ukuta wa shimo hubomoka na ukingo wa kopo hubaki juu. Mwagia maji kabla ya kuchimba. Mvua ikinyesha usiku makopo hujaa na kufurika na waliomo huelea nje. Toboa matundu madogo ya sindano sentimita 3 chini ya ukingo, maji yatoke, wadudu wabaki. Mchanga mtupu haushiki bomba la shimo, hivyo wachimbaji wa kina huwa wachache kuliko Makurunge. Asubuhi tegua, ondoka.

Siku ya 6. Muheza hadi Amani

Kutoka Muheza ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, hewa inabadilika, na kufika juu nguo za jana hazikauki. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kunahitaji kibali. Bila kibali tega upande wa mashamba tu: mtego wa kwanza kwenye mpaka wa shamba na msitu, kisha mita 50, 100, 150 kwenda kwenye malisho. Wenye kibali waongeze umbali uleule kuingia ndani.

Kumbuka mambo mawili. Chambo cha ng'ombe peke yake hudanganya hapa, maana dundu wengi wa msituni hufuata mavi ya nyani, ya binadamu, au mizoga. Weka chambo cha aina ya pili, hata utumbo wa samaki uliovunda siku mbili, la sivyo utasema msitu ni mtupu. Na acha mitego saa 48, kwa sababu kwenye baridi wanaruka kidogo.

Digitonthophagus mtafute kwenye chupa za malisho, si za msituni. Ni mtu wa nyasi, jua na mavi ya ng'ombe. Hili ndilo la kubeba kwenda nalo Brazil kichwani: anakoingia kwa kishindo, njia imefunguliwa kwanza na shoka na ng'ombe.

Amani yenyewe ina mfano wa upande wa pili, na unaonekana bila kutega kitu. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa mwaka 1902 na kujaribu miti kutoka kila pembe. Mmoja, Maesopsis eminii, si mgeni wa mbali hata kidogo; asili yake inajumuisha upande wa Kagera na Uganda. Hondohondo hula matunda yake na kuzitupa mbegu mbali, na mwanya wowote ulioachwa na mti uliokatwa akaujaza. Kwao ni mti wa kawaida, hapa Usambara Mashariki ni mvamizi, na Kagera na Usambara ni pande za nchi moja. Anayefikiri kumhamisha dundu kutoka kanda moja kwenda nyingine ya Tanzania ni jambo la bure kwa kuwa hajavuka mpaka, asimame chini ya mti huo kidogo.

Siku ya 7. Tanga mjini

Ng'ombe wa maziwa wa Tanga wengi wako bandani, wanaletewa majani. Mavi yanazolewa kwenda shimoni au kwenye mtambo wa gesi, dundu hana kazi, na mfugaji anayeuliza kama aletewe "wale wadudu wa kusafisha" ajibiwe kuwa sakafu ya zege haichimbiki. Mwenye malisho ya wazi, jibu lake ni tofauti: hao anao tayari, apunguze sindano za ivermektini wakati wa mvua ambapo wanazaa, achome wanaohitaji tu badala ya kundi zima.

Na mbwa wa zizini wasiachwe kula dundu. Dundu hubeba mabuu ya mnyoo Spirocerca lupi, ambao hukaa kwenye umio wa mbwa na kufanya uvimbe. Mbwa anayekohoa na kutapika chakula kizima ana la kuangaliwa na daktari.

Kabla ya kupanda basi: makopo yasuguliwe kwa sabuni na kuanikwa, tope la buti likwanguliwe hapahapa, chambo kilichobaki kizikwe, kisisafiri. Kila chupa iangaliwe kama lebo iko ndani, si ubavuni: kijiji, tarehe, mchana au usiku, aina ya chambo, aina ya mahali. Spiriti ya kwanza imwagwe na kutiwa mpya, kwa sababu maji ya miili yao yameshaipunguza nguvu, na dundu wa Makurunge watakuwa wameanza kunuka.